Kabla Hujanunua Maiki: Kuanza Kutengeneza Muziki kwa Kompyuta Ukiwa Igowole

Kijana wa Igowole, wilayani Mufindi, anayetaka kutengeneza muziki huanza kwa kuuliza bei. Maiki nzuri shilingi ngapi? Spika za studio je? Mafinga zinapatikana, au mpaka Iringa mjini? Maswali hayo yana majibu, lakini kwa miezi ya mwanzo hayana kazi. Kinachotakiwa ni kompyuta inayowaka, hedifoni za waya, programu moja na sikio. Na sikio la mtu aliyekulia Mufindi mara nyingi limeshasomeshwa bure.

Limesomeshwa na kwaya. Makanisa ya huku, ya Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste, hayaendi bila kwaya. Aliyesimama safu ya tena au besi kwa miaka michache anasikia sauti nne kwa pamoja na kuijua iliyopotoka. Anajua wimbo unapopanda na unapopumua. Pengine anasoma solfa pia, kwa sababu mwalimu wa kwaya huiandika ubaoni kabla ya maneno. Hayo ndiyo magumu ya kazi hii. Kubonyeza vitufe ni mazoezi tu, na makala hii inahusu hivyo vitufe: wapi pa kuanzia, kipi cha kuacha kwanza, na namna ya kufika mwisho wa wimbo mmoja.

Ni vizuri kujua kilichobadilika. Bendi zilizorekodi Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zilipiga pamoja, chumba kimoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpiga tarumbeta akiteleza, wimbo unarudiwa. Miaka ya 1990 studio kama MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani zikaanza kujenga wimbo kipande kwa kipande, mdundo kwanza, sauti baadaye, na Bongo Fleva ikakulia humo. Desemba 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ikatoa programu ndogo ya kupanga midundo, FruityLoops, iliyoandikwa na Didier Dambrin. Tangu 2003 inaitwa FL Studio. Programu za aina hiyo ziliishusha studio hadi vyumba vya kawaida vya uswahilini, na singeli ni shahidi: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, muziki wa Dar es Salaam wenye kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, na dunia ikageuza shingo.

Programu ipi

Watu hupoteza muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote. Programu zote kubwa hufanya kazi moja: kupanga sauti kwenye mstari wa muda, kuzipunguza na kuziongeza, kisha kutoa faili moja. Ukiijua moja vizuri, ya pili utaizoea haraka. Kwa hiyo chagua inayoendana na kompyuta yako, bando lako na watu watakaokusaidia ukikwama.

FL Studio ndiyo inayojulikana zaidi mitaani, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuichagua: prodyuza wa Mafinga atakuelekeza kwa simu bila kuhangaika. Toleo la majaribio ni la bure na halina siku ya mwisho. Unaweza kutengeneza wimbo mzima na kuutoa kama WAV au MP3. Kizuizi chake ni kimoja, nacho kinauma: mradi uliohifadhi hautaufungua tena mpaka ulipie. Wanaoanza hukasirikia kizuizi hiki. Mimi naona kina faida. Kinakulazimisha umalize mdundo kwa kikao kimoja. Ukikaribia kuzima kompyuta, toa kila ala kama faili lake la WAV, kiki peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake. Kesho utayarudisha mafaili hayo kwenye mradi mpya na kuendelea. Ukifika wakati wa kulipa, soma kwanza kila toleo linaruhusu nini, maana yapo kadhaa na hayalingani. Ukishalipa, matoleo mapya unapata bila kuongeza hela.

Kama bando ni dogo, Reaper ya kampuni ya Cockos haifiki hata MB 30 kuipakua, wakati FL Studio inakula karibu GB 1. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi imekuwa dola 60 kwa miaka mingi. Ni hodari kwa kurekodi kwaya na ala halisi, ila haiji na ngoma wala vinanda vya maana. Hivyo utavitafuta mwenyewe. LMMS ni ya bure kabisa, inafanana kidogo na FL Studio, na inakubali kompyuta za zamani, ingawa kurekodi sauti ya mtu siyo nguvu yake. Upungufu huo hufidiwa na Audacity, ya bure vilevile, iliyoanza kutolewa mwaka 2000: unarekodi sauti huku, unaipeleka kule. Mwenye simu tu aanze na BandLab, bila malipo. Atakwama mahali fulani, lakini atakuwa ameshajua mstari wa muda ni nini.

Kuhusu programu zilizochakachuliwa zinazosambazwa kwa flashi: fundi akikwambia uzime kinga ya virusi kwanza ndipo programu ikubali, umeshajua unachoingiza. Kompyuta yenye nyimbo zako na picha za familia siyo ya kufanyia majaribio hayo, hasa wakati toleo halali la bure lipo.

Kompyuta yenyewe ikiwa na RAM ya GB 4 utaanza nayo. GB 8 utapumua. Kama una uwezo wa kuchagua, chukua laptopu yenye betri inayoshika chaji badala ya kompyuta ya mezani, hata kama ya mezani ina nguvu zaidi kwa bei ileile. Mufindi ina umeme wa TANESCO, na vijiji kadhaa vinatumia wa maji ya Mwenga, mtambo wa megawati 4 ulioanza kazi mwaka 2012, lakini mvua na radi za nyanda hizi haziulizi umeme ni wa nani. Ukikatika, laptopu inakupa muda wa kuhifadhi kazi.

Mdundo wa kwanza

Mifano inayofuata ni ya FL Studio. Mwenye programu nyingine atapata vitu vilevile kwa majina tofauti. Majina ya kwenye kioo ni ya Kiingereza, uyazoee hivyohivyo kwa sababu video zote za mafunzo zinayatumia.

Madirisha ni mengi lakini ya kuanzia ni manne. Channel Rack ndipo zinapokaa ala zako, kila moja na mstari wa vitufe 16 mbele yake. Piano Roll ndipo unapoandika noti ndefu na fupi. Playlist ndipo unapopanga vipande kuwa wimbo: utangulizi, ubeti, kiitikio. Mixer ndipo unaposawazisha sauti. Mengine yote yafunge.

Juu kabisa kuna namba ya tempo, yaani mapigo kwa dakika. Andika 100. Vile vitufe 16 ni bari moja ya mapigo manne, kila pigo limegawanywa mara nne. Sasa washa kiki kwenye kitufe cha 1, 5, 9 na 13. Washa sneya kwenye 4, 7, 12 na 15. Bonyeza upau wa nafasi. Mdundo huo utautambua mara moja, maana umezunguka kwenye nyimbo nyingi za kucheza, kuanzia Karibiani hadi Kariakoo. Ongeza haihati kwenye namba zote za witiri, 1, 3, 5 mpaka 15. Hujapiga hata noti moja na tayari mguu unacheza.

Sikiliza kwa dakika mbili, utagundua kitu kinachokera: kila haihati ina nguvu ileile, na hakuna mpiga ngoma anayepiga hivyo. Fungua sehemu ya nguvu ya noti, chini ya Piano Roll, punguza moja, acha moja, punguza tena. Kisha isogeze sneya moja nyuma kidogo tu, isikae sawasawa kwenye mstari. Mdundo unapata pumzi.

Halafu kuna mtego ambao video nyingi za mafunzo hazikwambii, kwa sababu waliozitengeneza hawapigi muziki wa kwetu. Nyimbo nyingi za kwaya na ngoma za asili hazigawanyi pigo mara nne. Zinaligawanya mara tatu, ule mwendo unaofanya watu wayumbe kushoto na kulia. Ukijaribu kuuweka kwenye vitufe 16 utahangaika usiku kucha na mdundo utachechemea. Ingia kwenye mipangilio ya muda ya mradi, kila pigo lipe hatua tatu badala ya nne, upate vitufe 12 kwa bari. Sasa kiki kwenye 1 na 7, makofi kwenye 4 na 10, kayamba kwenye vyote 12. Ukiwa hujui tempo ya wimbo wenu, hesabu mapigo kwa sekunde 15 halafu zidisha kwa nne.

Solfa ndani ya Piano Roll

Wengi huiogopa Piano Roll kwa sababu ya picha ya kinanda iliyosimama kando yake. Anayejua solfa hana sababu ya kuogopa. Ichukue C kuwa do. Vitufe vyeupe kupanda juu ni do, re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine. Vyeusi viache kwanza. Kwenda kulia ni muda: kwenye mradi wa vitufe 16, noti ya pigo moja inachukua hatua nne, ya mapigo mawili hatua nane. Basi ule wimbo uliouimba Jumapili, wenye karatasi ya solfa, unaweza kuuandika mzima kwa panya bila kugusa kinanda maishani mwako.

Weka kila sauti kwenye ala yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Usiziandike zote kwenye mstari mmoja hata kama inaonekana rahisi, kwani utataka kuisikiliza besi peke yake pale itakapogombana na tena. Ukimaliza, na mwalimu aliandika kwamba do ni D, huna haja ya kurudia: chagua noti zote kwa Ctrl na A, shika Shift, bonyeza mshale wa juu mara mbili. Kila bonyezo linapandisha nusu hatua. Sauti ikiwa juu mno kwa wanawake wenu, shusha kwa njia hiyohiyo. Hii pekee imeokoa mazoezi ya kwaya nyingi, maana mwalimu anaweza kutoa faili la kila sauti na kulituma kwa waimbaji wajifunzie nyumbani.

Noti hizo siyo sauti. Ni maelekezo tu: bonyeza hapa, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Utaratibu huo unaitwa MIDI, upo tangu 1983, na ndiyo maana unaweza kubadilisha kinanda kuwa filimbi bila kuandika upya.

Hapa ndipo ningependa vijana wa Uheheni wafanye kazi ambayo hakuna mtu wa Dar es Salaam atawafanyia. Wahehe wana ligombo, nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa katikati, na wazee wanaolijua hawazidi kuongezeka. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ala za watu wa nchi hii kwa mashine nzito. Wewe una simu. Mwombe mzee kwa adabu, mweleze unachotaka kufanya, rekodi kila uzi peke yake, mara tatu: kwa upole, kwa kawaida, kwa nguvu. Kata kila noti kwenye Audacity, buruta faili moja mpaka Channel Rack, na ligombo linakuwa ala unayoweza kuiandikia noti kwenye Piano Roll. Programu itadhani noti uliyorekodi ni C. Kama siyo, ielekeze noti ya msingi kwenye picha ya kinanda iliyo chini ya dirisha la ala hiyo. Usiende mbali na noti halisi, hatua tatu nne juu au chini, la sivyo inaanza kusikika kama katuni. Na ukiitumia kwenye wimbo unaouzwa, mzee apate chake na jina lake litajwe.

Kurekodi sauti ya mtu

Baridi ya Mufindi ina neema moja kwa prodyuza: kila nyumba ina mablanketi mazito. Adui wa sauti safi ni kuta tupu, ambazo huirudisha sauti kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo, na wimbo unasikika kama umeimbwa chooni. Tundika mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji na moja pembeni. Nyuma ya mwimbaji ndiko muhimu, kwa sababu maiki inatazama huko. Godoro lililosimamishwa linafaa pia. Stendi ya maiki fundi seremala atakuchongea kwa vipande vya mbao, ambavyo Mufindi havikosekani.

Mabati ndiyo shida kubwa. Mvua ikianza, acha kurekodi na ufanye kazi ya kupanga midundo kwa hedifoni. Hakuna kitufe cha kuifuta mvua ya mabati bila kuiharibu sauti ya mtu. Mashine za mbao nazo zina saa zake. Usiku ndio wakati wa vokali, na majirani waombwe mapema.

Siku za mwanzo simu yako inatosha kuwa maiki. Ukipata maiki halisi, mwimbaji akae umbali wa shubiri moja, na aimbie kando kidogo ya maiki ili herufi "p" na "b" zisipulize. Asikilize mdundo kwa hedifoni, kamwe si kwa spika, la sivyo mdundo utaingia kwenye sauti na hautatoka. Tazama kipimo cha sauti: sehemu anayopaza zaidi iishie kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa 0 inapasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Vijana wengi hurekodi kwa nguvu wakidhani ndiyo "ubora wa studio". Acha nafasi, kuongeza baadaye ni rahisi.

Kuna hitilafu itakayokusumbua mapema: mwimbaji anasikia sauti yake ikichelewa kwenye hedifoni na anashindwa kufuata mdundo. Tatizo liko kwenye kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa. Kwenye mipangilio ya sauti chagua dereva wa ASIO. FL Studio inakuja na wake, na kwa programu nyingine ASIO4ALL ni ya bure. Kisha shusha namba ya bafa hadi 256. Kwa sauti ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 6, ambazo mtu hazihisi. Wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1024, kompyuta isikwamekwame. Hedifoni za Bluetooth zina ucheleweshaji wake usiotibika kwa namba yoyote, ndiyo maana tulisema za waya.

Kumiksi kwa mara ya kwanza

Fupi tu, kwa sababu kumiksi hujifunzwa kwa nyimbo, siyo kwa maelezo. Shusha vyote hadi sifuri, pandisha kiki mpaka isikike vizuri, kisha besi, kisha sauti ya mtu, kisha vingine vikizunguka sauti hiyo. Kwenye vokali kata mngurumo wote ulio chini ya hezi 80 hadi 100. Humo mna kelele za miguu na mvumo wa umeme, ambao kwetu uko kwenye 50. Mwangwi weka, halafu punguza nusu ya ulichoweka. Mkondo mkuu usiwake nyekundu.

Halafu chukua wimbo wa mtu mwingine unaoujua kwa moyo, mathalani *Tetema* ya Rayvanny, mtoto wa Mbeya, iliyotengenezwa na S2kizzy na kutoka mwaka 2019. Uingize kwenye Playlist, uushushe ulingane na wako kwa ukubwa wa sauti, na usikilize kwa kupokezana: besi yao iko wapi, sauti iko mbele kiasi gani, ala zipi zinanyamaza kiitikio kinapokaribia. Baada ya hapo toa wimbo wako, usikilize kwenye simu ya kawaida, kwenye redio ya dukani, na kwenye spika za kanisa kama mtunza vyombo ni rafiki yako. Besi ikipotea kwenye simu, usiiongeze sauti. Ipe noti za juu kidogo.

Kuhifadhi, kumiliki, kutuma

Bonyeza Ctrl na S kila unapopenda ulichosikia. Katika FL Studio iliyolipiwa, Ctrl na N huhifadhi nakala mpya yenye namba, ukaweza kurudi kwenye ya jana. Nakala nyingine ikae kwenye flashi isiyolala chumba kimoja na kompyuta.

Kabla ya kumkabidhi mtu mdundo, andikianeni. Karatasi moja inatosha: nani ametunga maneno, nani ametengeneza mdundo, mapato yanagawanywaje, tarehe na saini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na COSOTA ndiyo ofisi ya kusajili kazi. Wimbo wa kwaya una mtunzi pia, hata kama unaimbwa kila Jumapili bila jina lake kutajwa. Ukiutaka kibiashara, mtafute. Sauti za bure za mtandaoni zina masharti, na mengine hayaruhusu kuuza.

Studio ya Mafinga au Iringa ikikubali kukumalizia wimbo, wapelekee kila ala kama WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama tarumbeta inaingia dakika ya pili, ndipo zitakaa sawa zikifunguliwa. Yape mafaili majina yanayosomeka, kiki, besi, vokali kuu, vokali ya pili, na kwenye ujumbe taja tempo na do ni noti gani. WAV ya stereo inakula karibu MB 10 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye ala kumi ni kama MB 400. Hapo flashi na dereva wa basi la Mafinga ni nafuu kuliko bando. Ukituma kwa WhatsApp, chagua kutuma kama dokyumenti, siyo kama sauti.